Safari hii hatujengi: harambee ya ibada ya nyumbani, Jumapili ya kwanza ya Majilio (majuma ya kungoja Krismasi)

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Tunajua mkisikia harambee mnashika mfuko na kuuliza, "Haya, ni bati au ni tofali?" Mna haki ya kuuliza. Kanisa letu la mtaa huku Mbagala limesimama kwa jasho lenu, kuanzia msingi mpaka msalaba wa juu, na kwa spika peke yake mmechangishwa mara tatu. Safari hii hakuna tofali hata moja. Tunawaomba mchange ili watu wasali nyumbani kwao.

Tuanze na kilichotusukuma. Jumamosi moja alfajiri, kwenye jumuiya, yaani nyumba za jirani zinazosali pamoja, mwenyeji alimwomba mtoto wake wa miaka tisa aongoze Sala ya Bwana. Mtoto akasimama vizuri, mikono imefumbata. Alipofika "utupe leo riziki yetu" akakwama. Akamtazama mama yake. Mama akatazama mkeka. Mzee wa kanisa akaiokota sala pale ilipoangukia, tukaimaliza wote, chai ikaletwa, na hakuna aliyesema kitu. Ila wengi wetu tulirudi majumbani kimya kimya, kwa sababu kila mmoja alikuwa anajiuliza wa kwake angefika wapi.

Kuna mwingine, wa chekechea, anasema "Bismillahi" kila akiwekewa sahani. Dada anayemlea ni Mwislamu, naye amemfundisha kama alivyofundishwa kwao. Wazazi walituletea habari hiyo kama mashtaka. Sisi tuliwajibu kwamba dada huyo ni wa kushukuriwa: katika nyumba ile ni yeye peke yake aliyemwambia mtoto kwamba chakula kina Mwenyewe aliyekitoa. Swali ni baba na mama walikuwa wapi.

Na jibu tunalijua, maana ni sisi wenyewe. Unatoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari, mtoto amelala. Unarudi saa tatu usiku, foleni imekumaliza, mtoto amelala tena. Wengi tumekuja mjini kutoka Moshi, Bukoba, Singida, Iringa. Kule bibi alikuwa anaamka kabla ya jogoo, anaimba tenzi kwa kilugha huku anapuliza moto, nasi tukazishika bila kujua kwamba tunafundishwa. Tulipofika Dar tulishuka Ubungo na mabegi yetu yote, ibada ya nyumbani tukaisahau ndani ya basi.

Tukasema Shule ya Jumapili itafidia. Haiwezi. Ni saa moja na nusu kwa wiki, chini ya mwembe, na mvua ikinyesha hakuna darasa. Tena tumegundua kosa letu wenyewe: watoto wakiwa nje chini ya mwembe, ibada inaendelea ndani bila wao. Mtoto anaweza kufika mafundisho ya kipaimara, ya kuithibitisha imani aliyobatiziwa, hajawahi kukaa ibada nzima, hajui kwa nini tunasimama Injili inaposomwa, wala maana ya kile mchungaji anachoimba nasi tukaitikia. Mwaka jana mmoja aliuliza mbona kitambaa cha madhabahuni kimetoka kijani kikawa zambarau. Mwalimu akamwambia, "Kile kingine kimefuliwa." Tulicheka sana, halafu tukaona aibu. Zambarau ni rangi ya kungoja na kutubu, ya Majilio na Kwaresma; nyeupe ni ya Krismasi na Pasaka; nyekundu ni ya Pentekoste. Mtoto akishaelezwa hayo mara moja, kila Jumapili akiingia macho yanakwenda madhabahuni kwanza.

Jambo hili si geni kwetu Walutheri. Mwaka 1528 Martin Luther alizunguka sharika za Saxony akakuta watu wazima wasiojua hata Sala ya Bwana. Mwaka uliofuata, 1529, akatoa Katekisimo Ndogo, mafundisho mafupi ya imani, na sehemu zake za kwanza hazikutoka kama kitabu: zilichapwa kwenye karatasi kubwa za kubandika ukutani. Na juu ya sehemu zake kuu aliandika kwamba hivi ndivyo mwenye nyumba anavyopaswa kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Hapo hakumtaja mchungaji. Humo mna sala fupi ya asubuhi na ya jioni, na baada ya ile ya jioni anakuagiza ulale mara moja kwa furaha. Kwa mtu aliyesimama kwenye daladala kutoka Kariakoo, hilo ni agizo linalotekelezeka.

Ndipo tukapata wazo. Ukuta kila nyumba inao, hata chumba kimoja cha kupanga. Tutachapa bango gumu, lisilolowa, lenye Amri Kumi, Imani ya Mitume, Baba Yetu, sala ya asubuhi, ya jioni na ya chakula, kwa maandishi makubwa ambayo mtoto wa darasa la pili anayasoma akiwa kitandani. Nyumba zote 140 za jumuiya zetu zitapata. Bango moja ni shilingi 3,500, jumla 490,000.

Kubwa zaidi ni vitabu. Wazee wa kanisa walipita nyumba kwa nyumba wakakuta nyumba 86 hazina kitabu cha nyimbo wala katekisimo. Mnayaona wenyewe kwenye jumuiya: kitabu kimoja kwa watu saba, jalada limeshikwa kwa plasta ya kidonda, kurasa za mwisho zimekwenda. Ubeti wa kwanza tunaimba, wa pili tunavuma kama nyuki. Wengine husoma kwenye simu, mpaka ujumbe wa mkopo uingie katikati ya pambio. Vitabu viwili kwa nyumba ni 18,000; kwa nyumba 86 ni 1,548,000.

Walimu wetu wanane wa Shule ya Jumapili watakaa Jumamosi tano na mwinjilisti, wajifunze mwaka wa kanisa, liturgia yaani utaratibu wa ibada, na namna ya kumsimulia mtoto habari ya Biblia bila kumtisha. Mwinjilisti hachukui posho. Nauli na chakula cha walimu ni 320,000. Mikeka kumi na miwili na turubai la mvua, 400,000. Na kuanzia Majilio, Jumapili moja kila mwezi watoto wote wataingia ndani, watasoma masomo na kukusanya sadaka. Hiyo haina gharama, isipokuwa kelele, nazo tunawaomba mzivumilie.

Yote ni shilingi 2,758,000. Akina mama hawakungoja tangazo: kwa maandazi na chai baada ya ibada wamekwisha kuweka 358,000. Zimebaki milioni mbili na laki nne.

Mwenye uwezo wa nyumba moja, alete 21,500: bango na vitabu viwili. Mwenye 3,500 tu ameweka bango kwenye ukuta wa mtu, asijione amechangia kidogo. Ninyi mliohamia Goba, Dodoma na kwingine, mlibatizwa au mlifunga ndoa hapa, tunawakumbuka kwa majina. Bahasha ziko kwa makatibu wa jumuiya. Wa kutuma kwa simu, atumie namba ya kanisa iliyobandikwa ubaoni na si nyingine yoyote mtakayotumiwa, kisha amjulishe mhazini ili apate risiti. Hesabu itasomwa kanisani baada ya mwezi mmoja, shilingi kwa shilingi.

Kuna mchango mwingine hatuwezi kuuhesabu. Biblia inasema juu ya maneno ya Mungu: "Nawe uwafundishe watoto wako kwa bidii, na kuyanena uketipo katika nyumba yako, na utembeapo njiani, na ulalapo, na uondokapo." Tukiusoma mstari huo huku Mbagala tunaona "uketipo" imetushinda siku za kazi, lakini Jumapili tunatembea na watoto kutoka nyumbani mpaka kanisani, dakika ishirini kwenye vumbi. Anzeni na hizo. Mwulize mtoto wimbo gani aliupenda. Dakika tano tu usiku zitafuata zenyewe.

Harambee ni baada ya ibada ya pili. Watoto wataimba, halafu mnada. Kuna mkungu wa ndizi, nazi ishirini, na jogoo mmoja ambaye mwenye kumtoa amemleta mapema mno. Amefungwa nyuma ya jiko la kanisa na tangu Jumapili iliyopita anawika mchungaji akianza mahubiri. Tafadhali, mtu amnunue.

Kamati ya Malezi na Shule ya Jumapili