Barua kwa Mama Kulwa: yupi alale karibu na mtungi

Dodoma, Julai

Mama Kulwa mpendwa,

Habari za Mpwapwa? Sisi wazima, ila upepo umeshaanza, vumbi mpaka kwenye chai, na wodi ya watoto kikohozi kinakupokea mlangoni. Msalimie Baba Kulwa, mwambie deni lake la karanga nalikumbuka.

Lile swali lako mtandao ulilikata, nalijibu hapa. Uliuliza: mtoto wa korona akishalazwa, unajuaje kwamba huyu atazidiwa na yule kesho ataruhusiwa? Maana Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 2023 kuwa dharura imekwisha, watu wakadhani na kirusi kimeondoka. Kipo. Watoto wengi kinawapitia kama mafua tu, na hao hawatuumizi kichwa.

Wamarekani wamelitafutia jibu kwa fedha nyingi. Januari 2021 taasisi yao ya taifa ya afya iligharamia miradi 8 ya kutabiri mtoto yupi ataugua vibaya, kompyuta zikichambua damu na hata mate. Hilo la mate nimelipenda, kwa sababu kumtafuta mshipa mtoto aliyeishiwa maji unakujua kulivyo. Lakini mimi na wewe usiku wa zamu swali letu ni dogo zaidi: mtungi wa oksijeni ni mmoja, nani alale karibu nao? Na kwako kituoni: gari la wagonjwa niliite sasa au nisubiri asubuhi?

Anza na kadi ya kliniki, kabla ya kifua. Kuna utafiti wa 2022 kutoka hospitali za nchi 6 za Afrika (Kenya na Uganda zimo, sisi hatumo), watoto na vijana 469 waliolazwa kwa korona. Asilimia 8.3 walifariki, na waliokuwa hatarini zaidi ni wachanga wa chini ya mwaka mmoja na wale waliokuwa na ugonjwa mwingine tangu zamani. Kwa hiyo uliza: alizaliwa njiti? Ana tatizo la moyo? Selimundu, kisukari, kifua kikuu, VVU? Utepe wa mkono, ule wa kupima utapiamlo, unasomaje? Mtoto mnene kupita kiasi naye usimpite, wa mjini hapa tunao.

Halafu pumzi. Mfunue kifua, asiwe analia, hesabu dakika nzima. Nusu dakika ukazidisha kwa mbili itakudanganya, hasa kwa mchanga anayepumua kwa vipindi. Chini ya miezi 2, pumzi 60 na kuendelea ni haraka. Miezi 2 mpaka 11 ni 50. Mwaka 1 mpaka 5 ni 40. Kifua kinachobonyea sana, kuguna, kushindwa kunyonya, degedege, kulegea: hapo usibishane na mtu.

Juzi mama mmoja alileta wawili. Mkubwa anachemka, analia wodi nzima inasikia, na mama amemshika huyo tu. Mdogo, wa miezi mitano hivi, yuko mgongoni ndani ya kanga. “Huyu hana neno, leo mpole kweli, hajanisumbua.” Nikaomba amshushe. Pumzi 66, mbavu zinaingia ndani, ziwa analishika na kuliachia. Mpole alikuwa amechoka kupumua. Yeye ndiye tuliyemlaza karibu na mtungi. Kaka yake aliondoka kesho yake akidai soda.

Kipima oksijeni cha kidoleni kinasaidia, ila usikiamini kama msahafu. Kidole cha baridi au chenye hina kinaharibu namba, na utafiti wa Marekani wa 2020 ulionyesha kwamba kwenye ngozi nyeusi kinaweza kusoma juu kuliko ukweli. Chini ya asilimia 90 mpe oksijeni hapo hapo. Akisoma 92 na bado anahangaika, mwamini mtoto.

Sasa jambo ambalo karatasi nyingi za kujumlisha alama za hatari hazilisemi vya kutosha: usimpime mara moja ukafunga faili. Wa saa mbili usiku siye wa saa nane. Andika namba na saa, rudi, linganisha. Anayepanda pumzi kutoka 44 hadi 52 hadi 58 ameshakuambia anakoelekea, na gari liitwe akiwa bado ananyonya. Kutoka kwako mpaka huku ni mbali, mgonjwa asiianze safari midomo imeshabadilika rangi.

Na kipimo cha malaria kikisoma chanya, mpe dawa, lakini kisikufumbe macho. Anaweza kuwa na vyote viwili.

Kuna wengine wanakuja wiki 2 hadi 6 baada ya korona kupita, wakati mama ameshaisahau: homa siku tatu au zaidi, macho mekundu, vipele, tumbo linauma, anaharisha. Madaktari wa Uingereza ndio walioanza kuripoti, Aprili 2020. Kinga ya mwili inacharuka na moyo unaumia. Huku kwetu ni rahisi kumwita taifodi. Mikono ikiwa ya baridi na mapigo yanakimbia, huyo si wa kulala hapo kituoni.

Ijumaa nampa kondakta wa basi la huko kipima oksijeni kimoja, kile kidogo cha vidole vya watoto. Atakupigia akifika. Betri hazimo, nunua huko.

Wako,
Mama Neema