Marekebisho ya mwongozo wetu wa Python: sehemu ya maandishi

Wakuu, habari za jioni, na poleni na baridi.

Mwongozo wetu wa Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta) tunaouandika kwa Kiswahili, sehemu ya kushughulikia maandishi, unahitaji kurekebishwa kabla haujasambaa zaidi. Ukurasa wa amri ya title() unasema inafanya herufi ya kwanza ya kila neno kuwa kubwa. Sasa ipeni "ng'ombe wa Uyole" muone: inarudisha "Ng'Ombe Wa Uyole". Kwa title(), neno ni herufi zinazofuatana tu, kwa hiyo ritifaa (alama ya ') inalikata. Wanaoandika Kiingereza nao inawaharibia, lakini sisi wenye ng'ombe, ng'ambo na ng'ang'ania tunaumia zaidi. Tuelekeze watu kwenye string.capwords(), inayokata kwenye nafasi. Tuongeze kwamba nafasi mbili zikifuatana inazifanya moja.

Kwenye amri ya lstrip() ndiko kubaya zaidi. Tumeandika "inaondoa kiambishi cha mwanzo". Haiondoi kiambishi, inafuta herufi yoyote kati ya ulizotaja hadi ikutane na isiyomo. Faili "sms_mbeya" ukiiondolea "sms_" kwa njia hiyo unabaki na "beya". Inayofaa ni removeprefix(), ipo tangu toleo la 3.9 la mwaka 2020.

capitalize(), inayokuza herufi ya kwanza ya maandishi yote, ni jambo dogo: tuseme tu kwamba herufi zinazobaki inazifanya ndogo zote, hata TANESCO inakuwa Tanesco.

Dada zetu wa Iringa chukueni title(), vijana wa Mwanjelwa lstrip(). Kila mfano uendesheni kwanza ndipo mbandike. Tunapitia Jumamosi saa nne asubuhi, palepale Soweto. Mje na laptopu zenye chaji.