Shukrani kwa mzee wa Kilpeck

Mzee uliyenikuta Jumamosi nikizungukazunguka kanisa la Kilpeck, kule Herefordshire, Uingereza, nakushukuru sana. Jina sikukuuliza, unisamehe. Nilikuwa nimeshalowa chapachapa. Ukanikinga kwa mwavuli wako, kisha ukaniazima darubini. Ndipo nikawaona, chini kidogo ya paa: mbwa na sungura wamebanana kama ndugu wanaopigwa picha. Kumbe jiwe lililochongwa yapata mwaka 1140 bado linachekesha! Ukanionyesha na nyoka wa mlango wa kusini, kila mmoja kamng'ata mwenzake mkia. Yule mwanamke wa jiwe asiye na haya, anayeonyesha uchi wake, ulimwonyesha kwa kidole tu, huku ukijikoholesha. Na ile chai ya kwenye chupa, mzee wangu, sijaisahau. Asante.