Friji ya Chumbani Sikununulii

Mwanangu,

Assalaam alaikum. Nakuandikia nawe umelala chumba cha pili, kwa sababu nikikwambia kwa mdomo unanijibu "sawa Mama" macho yako yako kwenye simu, na hili nataka likukae. Ile friji ndogo uliyoniomba sikununulii. Pesa ya kuinunua ninayo. Sitaki tu.

Ulisema ukiwa na friji na mikrowevu chumbani hutahitaji kwenda jiko la pamoja kila mara. Ulilisema kwa kupita, ukiwa unafunga begi, mimi likaniingia moyoni mpaka leo. Lile jiko la bweni ndilo lililonilainisha nikakubali uende Leeds. Nilipoona kwenye picha meza ndefu na viti vyake nikasema alhamdulillahi, mwanangu atakuwa na watu wa kula nao. Kumbe wewe ushaanza kutafuta njia ya kulikwepa.

Utakula nini, na utakula na nani? La kwanza naweza kulivumilia. La pili silivumilii.

Kazi yangu ya jikoni shuleni unaijua, lakini ninachokiona pale sijawahi kukuhadithia. Chakula cha shule kina kanuni zake hapa Uingereza. Vya kukaanga kwa mafuta mengi na vya kupakwa chenga za mkate havitakiwi kuzidi mara mbili kwa wiki, kwa hiyo samaki na chipsi tunawawekea Ijumaa, na katikati ya wiki ni kuku wa kuoka na viazi. Tangu 2014 watoto wa madarasa matatu ya mwanzo wanakula bure, mwenye nacho na asiye nacho foleni moja. Chakula ni kimoja, kipimo kimoja, mkono unaopakua ni mmoja. Lakini zikirudi sahani, baba'ngu, namjua aliyekaa peke yake bila kuambiwa. Yake inarudi nusu. Mwaka jana tulikuwa na kitoto kimoja kigeni, kila siku kinagusagusa viazi, walimu wakadhani hakipendi chakula chetu. Kilipopata rafiki, kikaanza kunijia kuomba nyongeza, hata ya njegere, na njegere unajua watoto wanavyozichukia.

Na usiniambie hayo ni ya watoto. Bibi wa jirani wewe unamjua wa sasa, anayecheka na kukufumia soksi. Mimi nilimkuta mumewe amefariki karibuni. Alikuwa anakula kasimama mbele ya sinki, kipande cha tosti na jibini, redio imewashwa ili nyumba isinyamaze. Na huyu ni mtu aliyekulia enzi za mgao wa chakula baada ya vita, peremende zilipoachiwa Februari 1953 na nyama Julai 1954. Kwake kutupa chakula ni dhambi. Lakini miezi ile alikuwa anatupa, kwa sababu kumpikia mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe mwenyewe, hakumpi mtu hamu ya kuwasha jiko. Alipoanza kuja kwetu Jumapili ndipo aliporudi kupika. Yeye ndiye aliyenifundisha matofaa ya Bramley, yale makali ya kupikia, ambayo mti wake wa kwanza ulitoka kwa mbegu iliyopandwa Southwell mwaka 1809, si mbali na sisi. Amekuandikia kwa mkono vipimo vya "crumble" yake ya matofaa: unga sehemu mbili, siagi moja, sukari moja, usugue kwa vidole mpaka ziwe chenga, umwage juu ya matofaa, oveni. Nimevitia kwenye sufuria kubwa. Usivipoteze, mkono wake sasa unatetemeka akiandika.

Sufuria hiyo nimekupa kubwa makusudi. Haipiki cha mtu mmoja. Jumapili mchana ndiyo siku Waingereza wengi wanayokaa mezani kama familia, siku nyingine wengi wao kila mmoja na sahani yake mbele ya televisheni. Kwa hiyo Jumapili ndiyo watoto wa bwenini watakapokumbuka kwao. Wewe pika siku hiyo. Pika wali wa nazi na kuku, acha mlango wa jiko wazi, harufu itawaita, huna haja ya kumwalika mtu kwa maneno. Hao wa Yorkshire, jimbo lenyewe la Leeds, nao wakuoneshe pudini zao. Siri yake ni mafuta yawe yamechemka hasa ndani ya oveni kabla hujamimina uji wa unga, kisha usifungue mlango mpaka zifure. Tia mafuta ya mboga, wao wenyewe kwa kawaida hutia ya ng'ombe. Na hilo likukumbushe: maduka mengi ya samaki na chipsi huko Yorkshire yanakaangia mafuta ya ng'ombe. Uliza kwanza, usione haya kuuliza.

Sasa mambo ambayo sina mchezo nayo. Maharagwe mekundu makavu usiyatie moja kwa moja kwenye lile jungu la umeme alilokupa dada yako. Yana sumu, na moto wa polepole hauiondoi. Yaroweke usiku kucha, mwaga maji, weka maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili, ndipo uendelee kuyapika mpaka yalainike. Ukiwa na haraka nunua ya kopo, hayo yashapikwa. Wali usiulaze juu ya jiko kama tunavyofanya kwetu na kiporo. Kuna vijidudu vya mchele ambavyo kuchemka hakuviui, wali ukikaa na uvuguvugu vinazaana. Upoe haraka, ndani ya saa moja uwe kwenye friji, kesho yake uliwe, upashwe mara moja tu na utoke moshi. Kuku usimwoshe chini ya bomba. Najua umeniona nikimwosha maisha yako yote na ndimu juu. Jikoni kwetu shuleni tumekatazwa, maji yanarusha vijidudu mpaka kwenye vyombo vya wenzako, na moto wenyewe ndio unaoviua. Friji ya pamoja (hiyo ndiyo friji yako) isizidi nyuzi 5.

Watu watasema mtoto wa kiume wa Mombasa anafundishwa kupika mkesha wa safari. Na waseme. Nilikuwa natoka zamu miguu imevimba, na mtoto akiingia jikoni kazi ya nusu saa inakuwa ya saa nzima, nikawa nakwambia nenda kasome. Ukaenda ukasoma, na matokeo yako kila mtu ameyaona, baba yako ameyaonesha hata kwa mtu wa posta. Uhandisi, mwanangu! Marehemu babu yako alikuwa fundi baiskeli, angelala na barua ile kifuani. Lakini mabakuli niliyoyatoa juzi chini ya kitanda chako, yenye maziwa yaliyoganda, pia nimeyaona. Kumbe hata hapa nyumbani, nikiwa zamu, ulikuwa unakula kule ndani. Ndiyo maana nasema friji hapana.

Kukimbia usiache. Karibu na chuo chako kuna uwanja wa Woodhouse Moor, na parkrun, zile mbio za pamoja, iko pale kila Jumamosi saa tatu asubuhi, kilomita 5, bure kama hapa, na namba yako ya usajili ni ileile. Ukimaliza usirudi mbio kulala. Wakienda kunywa chai, nenda nao. Hujui mtu? Hakuna anayemjua mtu wiki ya kwanza.

Baba yako hasemi, lakini amekasirika kidogo kwamba hukwenda kishambani mwezi wote wa Agosti. Kwake kile kipande si cha mboga peke yake. Wazee wanaokodi vipande vya jirani ndio marafiki aliowapata nchi hii, walianza kwa kubadilishana miche, wao wakampa mbegu za viazi, yeye akawapa mchicha, na mmoja alimweleza kwamba tangu sheria ya 1908 kaunsili zina wajibu wa kutoa vipande vile kwa wananchi wanaovihitaji. Ameshika hilo, humwambia kila mgeni. Kesho asubuhi amka uende naye hata saa moja, mkachume maharagwe ya mwisho kabla baridi haijayaharibu. Usimwambie nimekutuma.

Sambusa nimezigandisha, ziko droo ya chini ya friza, fungu la kila mara limefungwa mbalimbali. Nimehesabu za kutosha wewe na wenzako, kwa hiyo zikikaa sana nitajua. Vyombo vyenye vifuniko vya buluu ni vya bibi wa jirani, virudi Desemba na vifuniko vyake. Kabla hujaondoka mtafutie baba yako nenosiri la barua pepe, maana kaunsili sasa inatuma huko madai ya kodi ya kishamba, na wewe ndiye uliyemfungulia. Na upige simu Jumapili jioni. Nitakuuliza umekula na nani, nataka unitajie majina.

Mamako