Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 5785 wa Kalenda ya Kiyahudi (2024–2025)

Wazee wetu, kina mama, ndugu wanachama na vijana, shalom.

Mwaka tunaoufunga ulikuwa wa kazi. Paa la sinagogi halivuji tena, vitabu vya sala vilivyochanika vimeshonwa upya, na hesabu mtasomewa na mweka hazina. Mimi naomba niwaeleze habari za Mwalimu.

Mnajua hapendi kuitwa rabi. Ukimwita hivyo atakujibu, "Mimi ni msomaji tu." Torati alijifunzia ng'ambo ya mpaka, Nabugoye karibu na Mbale, Uganda, kwa wazee wa Abayudaya, Wayahudi wa huko, waliosali kwa siri enzi za Idi Amin, dini yetu ilipopigwa marufuku. Jamii ile ilianzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, na haikupata rabi wake mwenyewe aliyehitimu hadi Gershom Sizomu mwaka 2008. Karibu miaka 90 walilelewa na wazee tu: anayezijua herufi anamfundisha jirani yake. Mwalimu ametoka katika malezi hayo.

Pasaka ya safari hii ilitutatiza, maana mkesha wake uliangukia Sabato, tarehe 12 Aprili, na chachu, ambayo haitakiwi nyumbani wakati wa Pasaka, ilibidi isakwe tangu Alhamisi usiku. Mwalimu alipita nyumba kwa nyumba. Kwangu aliingia na mshumaa, akapiga magoti jikoni, akapitisha unyoya wa kuku chini ya kabati la unga. Nyuma ya jiko ukatoka mkate mkavu. Hakunisema. Alinikabidhi unyoya na ule mkate, akaniambia nivichome asubuhi, akaondoka. Ilikuwa saa nne usiku na nyumba tatu zilikuwa bado zinamngoja.

Juni akaugua. Sabato ya tarehe 14, juma la fungu la Torati liitwalo Behaalotecha, tulikutana bila yeye, tukatimia kumi kamili, idadi inayotakiwa kwa sala ya pamoja. Binti wa miaka 13 alisoma, akifuatisha mistari kwa kijiti alichochongewa na Mwalimu. Alipofika pale Musa anapotajwa kuwa mnyenyekevu kupita watu wote duniani, niliinamisha kichwa. Jioni nilipokwenda kumjulia hali, Mwalimu aliniuliza jambo moja tu: wa kumi alipatikana?

Posho mliyompitishia mwaka jana aliirudisha, akaomba inunuliwe vitabu vya watoto. Nasi tumeridhika kupita kiasi. Kila Sabato anatembea saa nzima kwenye tope, kwa kuwa siku hiyo hapandi bodaboda, na umri umekwenda. Tulipaswa kuliona hili mapema, na mimi kwanza.

Kwa hiyo kamati inaomba idhini yenu tujenge chumba kimoja ubavuni mwa sinagogi, awe analala hapo tangu Ijumaa kabla jua halijazama. Tukisema ni chake atakataa. Tukiite chumba cha wageni. Mbao zipo, mabati yamebaki ya paa. Mafundi na wasaidizi tukutane Jumapili ya kwanza baada ya Sikukuu ya Vibanda, saa mbili asubuhi.