Ndoto za mtihani si za kumpelekea mganga

Mhariri, assalaam alaikum.

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaomaliza pesa kwa waganga kwa sababu ya ndoto za skuli. Mie fundi cherehani hapa Jang'ombe, nashona sare, fomfoo nimemaliza zamani saana na wanangu wenyewe wanasoma, lakini mpaka leo naota nimo chumba cha mtihani, karatasi iko mbele yangu na maandishi hayasomeki, kalamu haitoi wino, msimamizi anasema bado dakika tano na mie hata nambari yangu ya mtihani siikumbuki. Nagutuka jasho linanitoka.

Jirani yangu na yeye anaota hivo hivo, kaambiwa ana jini limemfata toka skuli, katoa pesa na kuku juu. Jini gani huyo asiejua kama mtu keshamaliza?

Mie yangu nimeiangalia inakuja lini. Inakuja mwezi wa 12 na Januari, skuli ziko mbioni kufunguliwa, vitambaa vimejaa mpaka kitandani, umeme unakatika, kila mzazi anataka sare yake leo leo na kodi ya nyumba ndo hiyo inasubiri. Kazi ikipoa wala siioti.

Na kuna hili jengine. Freud, yule daktari wa Vienna, aliandika zamani kwamba ndoto hizi zinawajia watu kwa mtihani waliopasi, sio walofeli. Nilicheka peke yangu, maana hesabu nilianguka vibaya na sijaiota hata siku moja, ninayoiota ni historia na ile nilipasi vizuri tu. Nikamuuliza fundi mwashi mmoja hapa mtaani, skuli hakufika mbali, akasema yeye anaota yuko chuo cha Kurani mbele ya maalim na sura imemtoka kichwani, na msahafu kaukhitimu tangu mdogo! Freud akaona hapo akili inakuliwaza, kwamba uliogopa vile vile na mambo yakenda sawa. Hapo mie sikubaliani nae sana, mtu anaeliwazwa haamki kalowa jasho.

Usingizi wenyewe wa ndoto unazidi kurefuka kila kukikaribia asubuhi, kwa hiyo anaeamshwa na adhana ya alfajiri anaikamata ndoto nzima na anashinda nayo siku nzima, akidhani karogwa.

Dua za kulala tusome, hilo sina ugomvi nalo, Ayatul Kursi hainipiti. Lakini mtu halali wiki nzima, kula hawezi, kazi haiendi, huyo apelekwe kwa daktari. Tabu watu wakisikia Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya akili, wanaona vichaa tu, mtu yuko tayari auze cherehani ampe mganga kuliko aonekane getini pale. Mhariri, mtafuteni daktari wa pale atuandikie ukurasa mmoja, aseme mtu akifika anaulizwa nini na anatoa shilingi ngapi, maana ya mganga bei tunaijua.

Fundi wa sare,
Jang'ombe, Unguja