Kwa nini bodi yako tunaifunga mara mbili

Wateja wanaoagiza bodi za inveta na televisheni dukani kwetu hapa Tanga huuliza kwa nini tunawatoza hela ya mifuko. "Niwekee kwenye nailoni tu, basi linaondoka," fundi mmoja wa Dodoma alituambia kwa simu. Tulimkatalia. Bodi yake ilikuwa inatoka pwani inakwenda bara, na kila upande una namna yake ya kuiua.

Huku kwetu muuaji ni chumvi. Upepo wa bahari unaileta, nayo huvuta unyevu wa hewani na kuushikilia juu ya shaba. Kutu ya kijani huanzia kwenye miguu ya chipu na kwenye soketi, mahali ambapo jicho halifiki haraka. Ukiwasha bodi ikiwa hivyo mambo huharibika upesi zaidi, maana madini hutambaa kutoka njia moja hadi nyingine mpaka ikapiga shoti. Tumewahi kurudishiwa bodi iliyokaa miezi kadhaa kwenye stoo karibu na bahari, imeviringishwa gazeti. Gazeti lilinyonya unyevu likaulaza juu ya bodi usiku na mchana. Ilituuma, kwa kuwa ilitoka kwetu nzima.

Kinga ya kutu ni mfuko wa VCI, yaani mfuko wa mvuke unaozuia kutu. Plastiki yake imechanganywa na kemikali zinazotoa mvuke polepole. Mvuke huo hujaza mfuko na kutua juu ya metali kama utando usioonekana, unyevu ukakosa pa kung'ata. Ukifungua mfuko, utando huo unaruka wenyewe, huna haja ya kufuta wala kuosha. Ila mdomo ukiachwa wazi mvuke unapotea bure, na bodi iliyokwisha kulowa haiponi kwa kuvikwa mfuko. Angalia pia mfuko umetengenezwa kwa ajili ya kulinda metali gani: uliokusudiwa chuma peke yake usiutegemee kwa shaba.

Dodoma, kiangazi, shida ni umeme tuli. Hewa ni kavu, unavua sweta, ukigusa kitasa unapigwa. Mpaka mwili wako uusikie, umeme huo huwa umefika kama volti 3,000. Zipo chipu zinazokufa hata chini ya volti 100! Kwa hiyo fundi anaweza kuiua chipu bila kuhisi kitu chochote mkononi. Inayotusikitisha zaidi ni bodi iliyojeruhiwa nusu. Inawaka vizuri, mteja analipa, wiki tatu baadaye inazima, na lawama zote zinamshukia fundi ambaye solda yake haina kasoro.

Nailoni ya kawaida ikisuguana na bodi njia nzima ndani ya buti la basi hujijaza umeme huo. Mfuko wa pinki, ule wa plastiki uliotiwa dawa ya kupunguza umeme tuli, ni afadhali, haujichaji kirahisi, lakini hauzuii umeme unaotoka nje. Isitoshe, dawa iliyomo huhitaji unyevu kidogo wa hewa ili ifanye kazi, na huisha mfuko ukizeeka. Kwa hiyo mahali pakavu, unapouhitaji zaidi, ndipo unapolegea. Watu wengi wanaiamini ile rangi kuliko inavyostahili. Mfuko wa rangi ya fedha una utando wa alumini kati ya tabaka zake, na umeme wa nje huishia kwenye utando huo. Ukitoboka, au ukiachwa mdomo wazi, kinga hiyo haipo tena.

Mpangilio nao una maana. Sisi bodi tunaitia kwanza kwenye mfuko wa VCI wa aina isiyojichaji, tunaufunga, kisha wa fedha unakuja juu. Ukigeuza, mvuke unabaki nje na bodi inaoza ndani ya mfuko wa bei.

Mzigo ukikufikia, usiufungulie kwenye kiti cha plastiki wala juu ya zulia. Shika kwanza chuma kilichounganishwa na waya wa ardhi, halafu toa bodi kwa kushika kingo zake. Na tafadhali usiilaze juu ya ule mfuko wa fedha ukaiwasha kuijaribu, kama tunavyoona kwenye meza nyingi za mafundi: kuna mifuko ambayo uso wake wa nje unapitisha umeme. Tandika ubao mkavu. Mfuko usiotoboka wala kukunjamana uhifadhi; ukitaka kuturudishia bodi ya kubadilisha, itume ndani ya huohuo.